Kwa Nini Madame Hangurumi Tena

Kabla ya kutoka Mapendo

Jamaa zangu, mmeniuliza sana. Mmeniuliza nikitoka misa, mmeniuliza kwa kinyozi, na juzi mmoja wenu alisimamisha msafara mzima wa harusi ili aniulize kama Madame ni mgonjwa. Madame ni mzima. Kaeni niwaeleze yote mara moja, maana nimechoka kusimulia vipande vipande.

Kwa asiyenijua, naitwa Kambale, nauza vipuri, asili yangu ni Butembo, na Madame ni gari langu. Ni jekundu, lina turbo na gia za mkono, na limeinama chini kiasi kwamba kuku wa jirani hapati pa kujificha mvua. Kila Jumamosi Madame ndiye anayetangulia misafara ya harusi. Ekzosi yake pana niliifunga kwa mikono yangu, na akipita Katindo, hapa Goma, hata askari kambini walikuwa wanageuza shingo. Imani yangu mnaijua: sauti ndiyo nusu ya gari. Gari lisilo na sauti ni kabati lenye magurudumu.

Pikipiki nazo nilikuwa nimezipanga kwa heshima zake. Zile kubwa za silinda mbili nazivulia kofia. Zile ndogo za kubeba abiria nazipenda kama mtu anavyopenda mbuzi wake: hazichagui chakula, zinapanda popote, na zikivunjika unazifunga kwa mpira wa tairi zikaendelea. Lakini pikipiki ya umeme? Niliiita mashine ya kunyolea ndevu, tena mbele ya watu, tena mbele ya binti yangu Masika, ambaye anazitengeneza.

Masika alisomea umeme, akafanya kazi katika karakana moja hapa mjini, kisha akaunda pikipiki yake mwenyewe, nyeupe, yenye betri chini ya kiti. Wakati huohuo karakana ilikuwa inafungwa. Ndipo akampata kwa simu Mama Kahindo, muuguzi wa Butembo anayesimamia vituo vya afya vya milimani. Mama huyo akamwambia neno moja tu: ilete. Ikifika kwa nguvu zake yenyewe, bila kupakiwa wala kusukumwa na mtu, atachukua za vituo vyake vyote na Masika atafungua karakana kulekule. Ikifika juu ya lori, irudi juu ya lori hilohilo.

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Safari ikishindikana, binti yangu alikuwa anarudi kukaa nyuma ya kaunta ya duka langu kuuza mikanda ya feni, na nilijua angefanya hivyo bila kulalamika, jambo ambalo lingeniuma zaidi. Kwa hiyo nikasema nitamsindikiza na Madame, nibebe betri ya akiba, na mashine ya kunyolea ikizimika niwepo nimwokoe.

Goma hadi Kiwanja

Tulitoka asubuhi. Masika mbele, kimya kama paka, mimi nyuma nikiwaamsha watu. Kuelekea Kibumba tulipishana na chukudu, zile skuta zetu za mbao, zikiteremka na kabichi, wenye nazo wamepiga goti moja kwenye ubao, magurudumu ya mti yakisaga mawe. Tuliposimama kununua mahindi ya kuchoma, Masika akanionyesha moja.

"Papa, uone ile. Haina injini, haina kelele, na ndiyo ilijenga muji wetu."

"Chukudu inateremuka," nikamwambia. "Ngoja kwanza ya kwako ipande, njo tutasemezana."

Nilijiona nimesema jambo kubwa. Mbele ya Rugari barabara ikabadilika kuwa mawe ya volkano, na jiwe moja ambalo malori yote yalikuwa yamelipita juu likamngoja Madame. Nilisikia mlio, kisha nikaona mafuta meusi yakinifuata barabarani. Sahani ya oili ilikuwa imepasuka. Nilizima injini, nikakaa ndani na mikono kwenye usukani, nikashindwa hata kutoka.

Masika akarudi, akachungulia chini, akanyanyuka. Alijaribu kuwa na uso wa msiba lakini midomo ilikuwa inamsaliti.

"Papa, si ulikuja kuniokoa?"

Lori la maharage lilitufunga kamba. Hivyo ndivyo mfalme wa misafara ya harusi alivyoingia Rutshuru: akivutwa, taa za dharura zikiwaka, na watoto wa shule wakipiga vigelegele wakidhani kuna bibi arusi ndani.

Kwenye kizuizi, mwanamume mwenye bunduki alimsimamisha Masika akamwambia awashe moto, yaani pikipiki, aisikie. Mjue kwamba huku kwetu mtu anayeteremka kimya ni yule aliyezima injini ili abane esansi, yaani petroli, na esansi ikiisha kabisa anasukumwa. Hakuna sababu ya tatu.

"Imewaka, chef," Masika akasema.

Yule mtu akainama, akaweka sikio karibu na kiti. "Haiwake. Uko nanidanganya bure."

Masika akaisogeza kidogo. Yule mtu akaruka nyuma, bunduki ikamgonga gotini, wenzake wakaangua kicheko. Naye akacheka, shukuru Mungu.

"Iyi ilitoka Ulaya?"

"Ilitoka Goma. Nilitengeneza miye."

Akamtazama, akaitazama pikipiki, kisha akainua mti wa kizuizi mwenyewe. Mimi nyuma ya lori hakuna aliyeniuliza kitu. Kwa mara ya kwanza maishani, Madame alipita mahali bila kutazamwa.

Kiwanja, ukarimu wa Paluku

Tulilala kwa Paluku, mtoto wa baba yangu mkubwa, anayeuza samaki wa Vitshumbi, kule ziwani. Mkewe alitupikia samaki mzima aliyejaa sahani, na bugali wa muhogo uliovutika vizuri. Paluku alicheka gari langu mpaka akatoka nje kukohoa. Umeme ulikuwepo, tukachaji betri zote mbili, na fundi wa jirani akaahidi kumshughulikia Madame. Safari iliyobaki ningepanda nyuma ya binti yangu, betri ya akiba ikiwa imefungwa kwenye keria.

Asubuhi, wakati tukinywa chai, Masika alikuwa amekwisha kufungasha. Mbele ya kiti, mahali ambapo pikipiki nyingine huwa na tangi, ya kwake ina sanduku lenye kifuniko cha duara. Humo ndimo alimoweka chaja. Nilipokaribia nikavuta pumzi na moyo ukafurahi kabla ya akili kufikiri: esansi! Harufu ninayoipenda kuliko marashi yoyote.

Paluku alikuwa amesimama pale na chupa tupu mkononi, anang'aa kwa furaha.

"Nimebajazia, ndugu. Yote. Mugeni hatokake kwangu na tanki mukavu, kwanza munaenda kupanda mulima wa Kabasha."

Nyumbani kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni unamjazia pikipiki kabla hajaamka mezani, humwulizi, maana ukimwuliza atakataa kwa adabu. Na esansi ile aliipunguza kwenye pikipiki yake mwenyewe, ambayo siku hiyo haikwenda ziwani.

Masika alifungua kifuniko. Chaja ilikuwa inaogelea. Bila chaja ile betri zetu zilikuwa na nguvu ya kufika Kanyabayonga tu, na Kanyabayonga si Butembo. Nikajiandaa kwa kilio au kwa matusi. Yeye akamshika Paluku mikono yote miwili.

"Wasingya, papa Paluku," akamwambia kwa Kinande, asante. "Umetufikiria."

Tukaigeuza pikipiki kichwa chini, tukamwaga esansi, tukaifungua chaja na kuipangusa. Paluku alipoelewa alikaa chini kwenye ngazi akashika kichwa, na mkewe akamsema mpaka mimi nikamwonea huruma. Masika hakuthubutu kuichomeka ikiwa na harufu, asije akachoma nyumba. Ilihitaji jua na upepo, na mawingu yalikuwa tayari yamekaa juu ya mlima. Tukingoja jua, mvua ingetufungia barabara.

"Itakauka njiani," akasema, na akanifunga chaja mgongoni kwa kamba, nyaya zikining'inia.

Nilitoka Kiwanja nikiwa kamba ya kuanikia. Paluku alisimama barabarani akitupungia, bado ameshika ile chupa.

Rwindi na Kabasha

Hapa ndipo, jamaa zangu, jambo lilinitokea ambalo sikulipanga. Tambarare ya Rwindi nimeipita mara nyingi, daima na injini masikioni. Siku hiyo nilisikia nyasi. Nyani walikaa barabarani wakitutazama, hawakukimbia mpaka tulipokuwa karibu kuwagusa. Na nilisikia binti yangu anaimba. Anaimba wimbo wa kwaya, ile sauti ya pili, kwa sauti ndogo ya mtu anayedhani hasikiki. Nilijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilimsikia akiimba, na nilikumbuka kwamba safari zetu zote za Jumapili zilikuwa ndani ya Madame, ambamo tulikuwa tunapiga kelele hata kuulizana saa. Nilikaa kimya ili asinyamaze.

Kisha Kabasha ukaanza, na mvua ikaanza nao. Mnaujua mlima ule: kona juu ya kona, udongo mwekundu, malori yamekwama yameegemea ukingo. Sasa niseme kama mpenda injini, bila upendeleo. Turbo unaiomba nguvu, inafikiri, ndipo inakupa. Ile nyeupe haifikiri. Masika alizungusha mkono tu, ikapanda, na sisi wawili na betri ya akiba juu yake. Niliguna.

Katikati ya mlima betri ya kwanza ikaisha. Tukaibadilisha kwenye mvua, mimi nimetandaza koti juu yake. Tulipoondoka taratibu, tukitafuta mahali pa kukanyaga, wamotari wawili, wabeba abiria wa pikipiki, walitokea nyuma. Wao wakaona pikipiki inatambaa, injini kimya, msichana na mzee wamelowa. Hawakuuliza. Mmoja aliweka mguu wake kwenye chuma chetu cha nyuma, akakaza esansi, na tukarushwa mbele kama mkokoteni. Kila motari wa nchi hii anafanya hivyo kwa mwenzake, hata kwa mtu asiyemjua.

"Acha! Musitusukume!" Masika akapiga kelele.

"Usiogope, mama, tutabafikisha juu!"

Injini yao ilikuwa inanguruma, hawakusikia kitu. Walitusukuma kona nzima na nusu ya nyingine, mpaka Masika akakamata breki na wote wanne tukakaribia kuanguka.

"Juu ya nini unafunga?" motari akauliza, ameudhika. "Esansi imebaishia, tunabasaidia, unakataa?"

"Haina esansi. Ni ya courant, ya umeme. Nilisema itafika bila kusukumwa."

"Nani anakuona hapa?"

Swali zuri. Mimi mwenyewe nililiuliza moyoni. Masika akageuza pikipiki, akaangalia chini tulikotoka.

"Masika, hapana," nikasema.

"Papa, teremuka uningojee hapa. Nitarudia fasi balianzia kutusukuma, nipande upya."

Nilikasirika, siwafichi. Nilimwambia betri ni ya kuhesabu, mvua inaongezeka, na Mama Kahindo hana macho ya kufika Kabasha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kama wauguzi watakwama na ile moto kwenye mulima, miye nitakuwa najua kama haikupandaka."

Akateremka. Kimya. Wamotari walibaki wamesimama na mimi kwenye mvua, mmoja akaniuliza kwa upole kama mtoto wangu yuko sawa kichwani. Kisha tukaiona ile nyeupe ikizunguka kona, matope mpaka kwenye kiti, Masika amelala juu ya usukani, tairi la nyuma likiteleza na kushika, likiteleza na kushika. Yule motari aliyekuwa ameudhika akaanza kupiga makofi. "Songa, mama! Songa!" Na mimi, ambaye nilikuwa nimenuna, nilijikuta napiga kelele kuliko wote.

Kanyabayonga, kwenye kinu

Tuliingia Kanyabayonga na alama ya mwisho ya betri ikimetameta. Umeme haukuwapo, isipokuwa kwa mama mmoja mwenye kinu cha kusaga, injini ya mazuti, yaani dizeli, yenye jenereta pembeni. Nilinusa chaja. Masika akainusa. Tukampa mwenye kinu ainuse, naye akasema inanuka mgongo wa mwanamume tu.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni na mabeseni ya muhogo hawakufurahi. Walisema pikipiki itanyonya nguvu na unga utatoka na chenga.

"Nguvu ni moja," mmoja akasema. "Ikiingia mule, kwetu itapunguka."

Masika hakubishana. Aliomba wasage beseni moja kwanza chaja ikiwa imechomekwa, na unga ukiwa mbaya yeye atarudia kuusaga kwa jiwe. Akachomeka. Mimi niliangalia pembeni. Nilisikia feni ya chaja ikizunguka, sauti ndogo ya nyuki, na sijapata kusikia injini tamu kama hiyo. Taa ikawaka. Unga ukatoka laini, mwenye beseni akaupima kati ya vidole, akasema haya, mtoto achaji. Tulikula maharage na ndizi kwao, na wakanitania sana kuhusu kamba zilizokuwa bado zimenifunga kifuani.

Lubero hadi Butembo

Kutoka pale mambo yalikuwa ya kawaida, yaani baridi na matobo. Lubero tulikunywa supu ya viazi na vitunguu, meno yakigongana, na parokia moja ikatupa umeme wa kujaza betri. Kilichonishangaza ni kwamba watu walikuwa wanatujua. "Ni yule alirudiaka mulima!" wakasema kwenye kituo cha mabasi. Wamotari wa Kabasha walikuwa wametutangulia, na habari inakimbia kuliko tairi.

Butembo, Mama Kahindo alitupokea kwenye ua wa ofisi yake. Ni mwanamke mfupi, sauti ya chini, amevaa koti la manyoya juu ya kitenge. Aliizunguka pikipiki, akagusa matope.

"Nimesikia mulisukumwa," akasema.

"Ndiyo, mama," Masika akajibu. "Halafu nilirudia."

"Ile nayo nilisikia."

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nikamwambia, kwa kuwa sikuweza kunyamaza, kwamba pikipiki ina nguvu kweli, nimekubali, ila ina upungufu mmoja, haina sauti, na labda binti yangu angeweza kuwawekea kipaza sauti kidogo cha kungurumisha, vijana wangependa. Mama Kahindo akanigeukia.

"Papa Kambale, unajua juu ya nini nilitafuta hii?"

Nikasema kwa ajili ya bei ya esansi.

"Hapana. Mama akishikwa na uchungu kule mulimani, muuguzi wangu anatoka na moto. Kilima kizima kinasikia. Wazuri banasikia, na wale wabaya wenye bunduki banasikia. Banajua anapita wapi, banajua atarudia wapi. Banamungojea. Sasa bauguzi bangu banakatala kutoka, na miye siwezi kubalazimisha. Bamama banazalia peke yabo." Akaweka mkono juu ya kiti cheupe. "Mimi sikutafuta moto ya bei nguvu ao ya bei chini. Nilitafuta yenye kunyamaza."

Miaka yote nilikuwa nahubiri ngurumo, na nilikuwa sijawahi kufikiria mtu ambaye ngurumo inamtaja kwa adui zake. Niliona aibu, halafu aibu ikaondoka, ikabaki fahari tupu, maana aliyefikiri kabla yangu ni mtoto wangu.

Mama Kahindo akataka jaribio moja la mwisho. Masika ampeleke muuguzi kituo cha kilima cha pili na kumrudisha. Wakaondoka. Mimi nikabaki getini.

Ninyi wazazi mnaelewa. Kila mtoto wangu akitoka na chombo, mimi nalala na sikio nje. Naijua kila injini ya mtaa, najua nani amefika nyumbani na nani bado. Nikasimama pale nikitega sikio kuelekea kilimani. Pikipiki moja ikapita, si yake. Lori likapita. Mawingu yakashuka. Nilianza kuhesabu mabaya yote yanayoweza kumpata mtu njiani, nikakaza macho kwenye ile kona, na sikusikia chochote.

Mkono ukanigusa begani.

"Papa, unaangalia nini kule?"

Alikuwa nyuma yangu. Walikuwa wameingia kwa geti la nyuma, muuguzi alikuwa tayari ndani anakunywa chai, anamsimulia Mama Kahindo huku anacheka.

"Nakungojea," nikasema.

"Nilisharudi zamani."

Nikamkumbatia pale pale na matope yake, na nikamwambia nililopaswa kumwambia tangu siku ya kwanza: kwamba ametengeneza kitu kizuri. Akalia kidogo, nami nikalia zaidi yake. Yuko huko hadi leo, karakana iko nyuma ya soko, na wauguzi wanatoka tena.

Mimi nilishuka kwa lori la vitunguu mpaka Kiwanja kumchukua Madame. Sahani ya oili ilikuwa imezibwa vizuri. Fundi aliniuliza kama kuna kingine cha kufanya, nikamwonyesha ekzosi yangu pana, nikamwambia aing'oe, aweke ile ya kawaida. Paluku alitaka kunijazia tangi, na safari hii nilimwacha.